Chamwino, Kishapu na Lushoto: ramani moja ya hatari ya jangwa, je, mpango mmoja wa hifadhi ya udongo utafaa kote?

mpango_wa_kata ameuliza:

Wakuu, habari za humu. Naombeni msaada wa wanaojua mambo ya hifadhi ya udongo.

Kuna mpango unaandaliwa kwa vijiji sita: viwili Chamwino, viwili Kishapu, viwili Lushoto. Fedha ni fungu moja na waandaaji wanataka kazi ifanane kote, yaani kuchimba fanya juu (mitaro ya kukata mteremko ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu), kupanda miti na kufunga maeneo ya malisho. Mgawo umefuata ramani ya mabadiliko ya ukijani kutoka setilaiti, pikseli za mita 250. Chamwino imetoka nyekundu, Kishapu njano, Lushoto kijani tupu. Kwa hiyo Lushoto imepewa kidogo kuliko wote. Lakini mvua ikinyesha Lushoto, vijito vinashuka na rangi ya chai ya maziwa, na hiyo rangi ni udongo wa watu.

Naomba kujua: je, ramani ndiyo iliyokosea au sisi ndio tunaisoma vibaya? Na kila mahali kazi gani ianze, kwa vipimo gani, na nini huwa kinaharibika?

---

udongo_na_maji amejibu:

Mkuu, ramani haijadanganya, ila imeulizwa swali moja na ninyi mnataka majibu matatu.

Tuanze na neno lenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na jangwa, wa 1994, unahesabu "kuenea kwa jangwa" kuwa ni uharibifu wa ardhi katika maeneo makavu tu: pale ambapo mvua ya mwaka ukiigawa kwa kiasi cha maji ambacho hewa ingeweza kukausha, jibu linakuwa kati ya 0.05 na 0.65. Chini ya 0.05 tayari ni jangwa lenyewe, na juu ya 0.65 hata udongo uishe wote mlimani hauitwi jangwa. Dodoma, ambako Chamwino ipo, inapata wastani wa takriban mm 570 kwa mwaka na hewa yake inaweza kukausha karibu mara tatu ya hapo au zaidi, kwa hiyo imo katikati ya kundi la nusu ukame. Shinyanga, ambako Kishapu ipo, nayo imo. Milima ya Lushoto haimo, isipokuwa vijiji vya chini upande wa tambarare za Umba na bonde la Mkomazi, ambavyo ni vikavu kweli japo wilaya ni ileile. Angalieni vijiji vyenu viwili vipo wapi. Wilaya si kipimo.

La pili, pikseli ya mita 250 kwa 250 ni hekta 6.25. Ndani yake Lushoto kuna mashamba ishirini ya watu mbalimbali, migomba, miti ya mipakani, kabichi ya kumwagilia, na kipande cha mteremko kilichobaki mwamba. Vyote vinachanganywa kuwa rangi moja, na rangi hiyo ni kijani. Tena, zao la kumwagilia bondeni linakuwa kijani sana hata kama udongo wa juu yake umeshuka wote. Tumieni picha za Landsat za mita 30, kisha mtembee.

La tatu ndilo linalowapoteza wengi: mwaka wa kuanzia na wa kumalizia. Ukianza kwenye mwaka wa kiangazi ukamalizia kwenye mwaka wa mvua nyingi, nchi nzima inaonekana imepona. Ukigeuza, nchi nzima imekuwa jangwa. Linganisheni ukijani na mvua ya mwaka uleule. Eneo lililoharibika ni lile ambalo mvua imerudi na nyasi hazikurudi.

Kabla ya kuchimba popote, fanyeni kipimo hiki kwa kila aina ya udongo. Gharama yake ni glasi. Chukua donge kavu, ukubwa wa punje ya hindi, litumbukize polepole kwenye glasi ya maji ya mvua. Usitikise. Maji ya kisima yasitumike, kwa kuwa chumvi zake huficha jibu. Angalia baada ya dakika 10, saa 2, na kesho yake. Donge likibaki zima, udongo una nguvu. Likimeguka vipande lakini maji yakabaki safi, udongo umekosa mboji; samadi na matandazo vitausaidia. Likianza kutoa ukungu kama maziwa yanayosambaa kuzunguka donge, huo una sodiamu nyingi. Hapo msichimbe mtaro hata mmoja. Maji yakituama yatayeyusha kuta kwa ndani, yatoboe handaki chini ya tuta, na msimu mmoja baadaye handaki linaanguka na kuwa korongo ambalo mmelichimba ninyi wenyewe.

---

fundi_kontua amejibu:

Nachukua Chamwino.

Adui wa kule ni ganda. Udongo mwekundu wa kichanga, mboji kidogo, umeachwa wazi kuanzia Mei hadi Novemba kwa sababu mabua yote yameliwa na ng'ombe. Mvua za kwanza za Desemba zinakuja kwa kishindo. Tone linavunja chembe, chembe laini zinaziba vitundu, na kinabaki kigamba cha milimita chache, kigumu, kinachong'aa kidogo kikikauka. Ukikibandua kwa ncha ya kisu unakuta chini yake udongo mkavu kabisa, saa moja tu baada ya mvua kubwa. Kwa hiyo tatizo la kwanza si uchache wa mvua. Mvua imenyesha ila haikuingia.

Ndiyo maana kuanza na kupanda miche ya miti ni kutupa fedha. Anzeni na mambo yanayolivunja ganda na kulisimamisha tone.

Shambani, mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji chao huko huko Dodoma. Upana sm 20 hadi 25, kina hivyo hivyo, sm 60 kati ya shimo na shimo, sm 90 kati ya mistari. Udongo uliotolewa unawekwa ukingoni upande wa chini. Ndani weka konzi mbili za samadi iliyoiva na mabua yaliyokatwakatwa. Mchwa watakuja, na vijia vyao ndivyo vinavyopitisha maji. Lakini pigeni hesabu ya nguvu kazi kabla ya kuahidi: kwa nafasi hizo ni mashimo takriban 7,500 kwa ekari. Kaya yenye watu wawili wa kuchimba ianze na robo ekari, Agosti hadi Oktoba. Wanaolazimishwa ekari nzima huchimba mashimo ya sm 10, na shimo la sm 10 linafukiwa na mvua ya kwanza.

Fanya juu ina nafasi yake pale mteremko unapofika asilimia 4 na kuendelea. Kanuni iliyotumika sana Kenya ni hii: chukua asilimia ya mteremko, gawa kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni tofauti ya kimo kati ya mtaro na mtaro, kwa mita. Mteremko wa asilimia 8 unatoa mita 1.2, maana yake mita 15 juu ya ardhi. Asilimia 4 inatoa mita 0.9, maana yake mita 22.5. Mtaro wa sm 60 kwa sm 60 kwa nafasi ya mita 15 ni kama mita 270 za kuchimba kwa ekari, yaani zaidi ya mita za ujazo 97 za udongo, na wote unarushwa juu. Acheni ukanda wa sm 20 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, la sivyo udongo unarudi shimoni. Na kwa Chamwino mtaro ukae sawa kabisa, na kila mita 8 hivi muache kizuizi cha udongo ambao haujachimbwa, ili kosa dogo la kipimo lisiyakimbize maji yote upande mmoja.

Eneo la malisho lililobaki upara ni jambo jingine. Hapo chimbeni nusu mwezi: upana mita 5, kimo cha upinde mita 2.5, kina sm 20 hadi 30, tuta upande wa chini. Mistari ipishane kama matofali ukutani. Kinachoua nusu mwezi ni ncha. Ncha moja ikiwa chini ya nyingine hata kwa sm 5, maji yote yanatokea pale na kukata mfereji. Ncha mbili lazima zikae kwenye kontua moja, yaani mstari wenye kimo kilekile.

Miti: kisiki hai kwanza, kitalu baadaye. Chini ya ule upara kuna visiki vya mlama, mgunga na mkulagembe vyenye mizizi ya miaka mingi. Chagua kisiki chenye machipukizi, bakiza mashina 3 hadi 5 yaliyonyooka, kata mengine kwa panga kali, mkato mmoja wa kwenda juu ili gome lisichanike. Pogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu, usipite hapo, maana shina litapinda. Funga kitambaa cha rangi ili mchungaji na mkata kuni wajue una mwenyewe. Rudi kila miezi michache ukate machipukizi mapya. Shamba la mtama linabeba vizuri miti 40 hadi 80 kwa hekta.

Neno moja kuhusu kufunga malisho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka, karibu kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi, tena kwa haraka. Lakini ng'ombe hawakutoweka, walihamia kwa majirani. Ufugaji wa ndani uliingizwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mkifunga eneo bila kusema malisho yatatoka wapi mwezi wa Septemba, mmehamisha uharibifu tu.

---

luseni_na_mbuga amejibu:

Kishapu msiitibu kama Chamwino hata kama zote ni nusu ukame. Wasukuma wenyewe wameshaupanga udongo wao kwa majina, na majina hayo ni ramani nzuri kuliko hiyo ya setilaiti. Luseni ni mchanga wa mteremko wa juu, itogolo ni udongo mgumu wa katikati wenye sodiamu, na mbuga ni mfinyanzi mweusi wa chini. Ndani ya kilomita moja unaweza kuvikanyaga vyote vitatu.

Itogolo ndiyo itakayotoa ukungu wa maziwa kwenye kipimo cha glasi cha mkuu udongo_na_maji. Iacheni chini ya nyasi. Mbuga nayo ina hila yake: kiangazi inapasuka nyufa za kupitisha mkono, tena za kina kirefu. Tuta jembamba la mbuga linapasuka pamoja nayo, na mvua ya kwanza inapita kwenye ufa kama kwenye bomba, inautanua, na asubuhi tuta lina mlango. Kama ni lazima kuweka tuta, liwe fupi na pana: kimo sm 50, kitako mita 2, na lishindiliwe upya kabla ya mvua. Afadhali majaruba ya mpunga, ambayo watu wa kule wanayajua vizuri. Fanya juu ya sm 60 ndani ya mbuga msithubutu. Kuta zinavimba na kuporomoka kila mwaka.

Dawa ya Kishapu ni ngitili. Ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, yanaachwa nyasi zikue na kukauka zikiwa zimesimama, kisha yanafunguliwa kipande kwa kipande kuanzia Julai au Agosti. Mkoa ulifyekwa misitu kwa ajili ya kuua mbung'o na kupanua pamba, ngitili nazo zikapotea. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986 zilizohesabiwa zilikuwa takriban hekta 600. Miaka ishirini baadaye zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta, na sehemu kubwa ilikuwa kurudi kwa uoto wenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini. Miche ya kitalu ilichangia kidogo.

Mahali panapoharibika ni sheria. Ngitili ya kaya ina mwenyewe, hivyo hudumu. Ya kijiji ikikosa mpaka unaojulikana na faini inayolipwa, inafunguliwa na mtu wa kwanza mwenye ng'ombe wengi. Mpaka upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji na uandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi. Faini iamuliwe mbele ya dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, kwa sababu watu wa Kishapu wanaiheshimu. Na katika fungu lenu tengeni fedha za maji ya mifugo: ng'ombe wakikosa lambo upande wa pili, watapita katikati ya ngitili kila siku, na njia ya ng'ombe ndiyo inayogeuka korongo.

---

mteremko amejibu:

Lushoto sasa, na ninaandika kwa uchungu kwa sababu kila mgawo wa fedha za "jangwa" unairuka milima.

Kule maji yanaingia ardhini vizuri. Kinachomaliza ni mwinuko na kilimo cha mwaka mzima. Shamba la mboga lenye mteremko wa asilimia 50 linalimwa mara tatu kwa mwaka, kila mara jembe linauvuta udongo kushuka. Ukitaka ushahidi, angalia mpaka wa juu wa shamba: utakuta kidaraja cha nusu mita, udongo mwekundu uliofifia upande wako, mweusi upande wa jirani. Jembe peke yake limefanya hivyo, mvua haijahesabiwa.

Msipeleke fanya juu kwenye asilimia 50. Uzito wa maji kwenye mtaro uliofungwa unaweza kuangusha kipande chote cha mlima. Na msikimbilie matuta ya ngazi kila mahali. Pale udongo wa rutuba ni sm 20 tu, ukichimba ngazi unafukia rutuba chini na kuleta juu udongo mfu. Mahindi yanatoka ya manjano kwa misimu miwili mitatu, na mkulima anabomoa. Serikali ya kikoloni ililazimisha matuta ya hifadhi Usambara na Uluguru miaka ya 1950, na Uluguru 1955 watu waliandamana hadi damu ikamwagika. Haikuwa uvivu. Kule Uluguru kwa sehemu kubwa matuta hayakufaa kwa udongo ule.

Kinachodumu ni mstari wa nyasi kwenye kontua, jambo ambalo SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko na kilimo mseto na miti, ulilieneza Lushoto kuanzia 1981. Pandeni majani ya Guatemala au matete, vipande vya pingili tatu, pingili mbili ziingie ardhini zikiwa zimelala kwa pembe, sm 30 hadi 50 kati ya vipande, mistari miwili iliyopishana. Umbali kati ya mkanda na mkanda upimwe kwa kimo: mita 1.5 hadi 2 kushuka. Udongo unajikusanya wenyewe juu ya nyasi na baada ya miaka michache ngazi inajijenga bila kufukia rutuba. Nyasi zikatwe zikiwa mita 1 hivi zipelekwe kwa ng'ombe wa ndani, samadi irudi shambani. Mkulima asiye na ng'ombe hatazitunza, zitatanda kwenye mahindi yake naye atazing'oa. Basi mbuzi wa maziwa au ndama anaweza kuwa sehemu ya gharama ya hifadhi, msiogope kumwandika kwenye bajeti.

Kwa watakaotaka mfano wa mteremko mkali usio wa nyasi, someni ngoro za Wamatengo wa Mbinga: nyasi zilizofyekwa zinalazwa kama miraba, udongo wa katikati unachimbwa na kufunika nyasi, linabaki shimo katikati na zao juu ya kingo. Maji yanatuama kwenye maelfu ya mashimo madogo na nyasi zinaoza kuwa mbolea chini ya zao.

---

mpango_wa_kata ameandika:

Asanteni sana wakuu, nimeyapeleka haya kwa waandaaji leo hii. Mawili yamebaki. Kontua tutapimaje bila mpima ardhi? Na nyasi za kupanda kwenye nusu mwezi tupate za aina gani? Kuna pendekezo la kupanda mathenge (mti wa kigeni, Prosopis juliflora) Chamwino kwa sababu hukua haraka na setilaiti itaonyesha kijani.

---

ukambani amejibu:

Mathenge hapana, tafadhali sana. Iliingizwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia hiyo hiyo ya kuzuia jangwa. Ilifunga malisho, ikaziba njia za maji, na 2006 wakazi wa Marigat walikwenda mahakamani wakiwa na mbuzi asiye na meno, aliyeharibiwa na maganda yake yenye sukari. Kwenye setilaiti Marigat inapendeza kwa ukijani. Ukikata mathenge juu ya ardhi inachipua zaidi, lazima ing'olewe na shingo ya mzizi iliyo chini ya udongo, na nyasi zipandwe papo hapo.

Nyasi zinazofaa nchi kavu Wakamba wanaziita ndata kivumbu (Cenchrus ciliaris), mbeetwa (Eragrostis superba) na nguu (Enteropogon macrostachyus). Kilo 5 za mbegu kwa hekta, zikichanganywa na mchanga mkavu ili mkono ugawe sawa. Zipandwe juujuu, isizidi sm 1, kabla tu ya mvua. Mbegu iliyovunwa juzi imelala, haioti. Ihifadhiwe gunia kavu lenye kupitisha hewa kwa miezi 6 au zaidi. Wengi wanapanda mbegu mpya, wanasubiri, wanalaumu mvua. Jaribuni mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku 14 kabla ya kulipa muuzaji. Mwaka wa kwanza mfugo usiingie hadi nyasi zimwage mbegu.

Kontua: tengenezeni fremu ya A. Fito mbili za mita 2 zilizonyooka zifungwe juu, miguu iachane kama mita 2, ufito wa tatu ukatize katikati, na kutoka kileleni uninginie uzi wenye jiwe. Isimamishe mahali, pigilia vigingi penye miguu, weka alama ya penseli pale uzi unapogusa ufito wa katikati. Igeuze, mguu wa kulia uende kwenye kigingi cha kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa, chora hapo kwa wino. Sasa tembea nayo mteremkoni, mguu mmoja ukibaki na mwingine ukizunguka, kila uzi unapotulia kwenye wino piga kigingi. Upepo ukivuma acheni, uzi utawadanganya; asubuhi mapema ni bora. Mkimaliza mstari, rudini nyuma mkalainishe vigingi vilivyopinda peke yake, kwa kuwa hivyo huwa vimekanyaga kichuguu au shimo la panya. Kwa Chamwino na kwenye luseni ya Kishapu pimeni Agosti na Septemba. Lushoto pimeni Februari, vipande vya nyasi viwe tayari kivulini, mpande mvua za masika zikishatulia ardhini.